Swali la Mpemba: Fizikia, Mjadala na Lugha ya Darasani

Historia ya ufundishaji wa fizikia nchini Tanzania aghalabu husimuliwa kwa kutaja mitaala, vitabu na maabara. Swali la mwanafunzi halitajwi sana, ilhali ndilo linalodhihirisha kama elimu imekutana na maisha ya anayeipokea.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanga. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku moja, akichelea kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka ya kwake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu. Mwalimu alimjibu kuwa amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba katika biashara hiyo maziwa huwekwa yakiwa ya moto ili yagande upesi.

Mpemba aliendelea na masomo Mkwawa, Iringa. Huko alilirejea swali lake katika somo la kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akadhihakiwa. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alifika kuzungumza na wanafunzi. Mpemba aliuliza kwa nini, kati ya maji ya ujazo sawa, yenye nyuzi 100 za Selsiasi yatangulie kuganda kuliko yenye nyuzi 35. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Wanasayansi wangali wanabishana; uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulitilia shaka kuwapo kwa tukio lenyewe. Hata hivyo, mhadhiri alikuwa amekubali kwamba ujuzi wa wauza aiskrimu unastahili kupimwa katika maabara ya chuo kikuu.

Miongo miwili baadaye, mwelekeo wa namna hiyo ulipata utaratibu rasmi. Kuanzia mwaka 1991, Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alikatiza mihadhara yake kwa maswali ya dhana: kila mwanafunzi alichagua jibu, akajadiliana na jirani yake, kisha akachagua tena. Mwaka 1998 Richard Hake alilinganisha matokeo ya wanafunzi 6,542 wa Marekani, akaona kwamba maendeleo katika madarasa shirikishi yalikuwa takriban maradufu ya yale ya madarasa ya mihadhara mitupu.

Utaratibu huo unategemea jambo moja ambalo Harvard halikuhitaji kuelezwa: majirani wawe na lugha ya kubishania. Nchini Tanzania, Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili hutakiwa kutetea fikra zake kwa Kiingereza, na mwenye shaka huchagua kunyamaza.

Wanaopinga Kiswahili hudai kuwa hakina istilahi. Dai hilo lilijibiwa mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Katika mazungumzo ya kawaida, neno nguvu hubeba maana nyingi. Fizikia hutenga kani na nishati. Vivyo hivyo, joto na halijoto si kitu kimoja, na bila tofauti hiyo swali la Mpemba haliwezi hata kuulizwa kwa usahihi.

Hata hivyo, istilahi iliyomo kamusini tu haijawa lugha ya sayansi. Huwa hivyo pale wanafunzi wawili wanapoitumia kupingana juu ya chungu kinachopoa, mtumbwi unaoelea au maziwa yanayoganda. Kazi ya wanaisimu, kwa hiyo, haikomei katika kuunda maneno. Yapasa waingie katika madarasa ya fizikia, wasikilize mjadala, na kutambua ni maneno gani yanayomwezesha mwanafunzi kuuliza bila kuchekwa.