Kazi ya Nani, Shamba la Nani: Magarini na Historia ya Vibarua

Ukitoka Malindi ukavuka Mto Sabaki kuelekea kaskazini, umeingia Magarini. Upande wa bara kuna udongo mwekundu na vichaka; upande wa bahari kuna mikoko na mashamba ya chumvi. Si nchi ya kumshangaza mpita njia, lakini pwani ya Kenya ina sehemu chache zilizochunguzwa kama hii. Kwa zaidi ya miaka 100 wamepita hapa mawakala wa kampuni, maofisa wa serikali, wataalamu wa maendeleo na wajumbe wa tume, kila mmoja na daftari lake. Walichokitafuta hakikutofautiana sana: nani atafanya kazi, kwa ujira gani, na kwa nini wenyeji hawajitokezi.

Hadithi inaanzia kusini ya mto. Ile Malindi iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498 ilikuwa imebaki magofu mwanzoni mwa karne ya 19. Iliyoifufua ni serikali ya Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1860, enzi za Seyyid Majid, kwa kuleta askari wa Kibaluchi wa kuilinda na kuwaachia wenye mali wafyeke ardhi kadiri ya watumwa walionao. Katika muda usiozidi miaka 20 mji ukawa ghala la nafaka. Mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni.

Kazi yenyewe ilipimwa kwa ngwe. Kila mtumwa alipewa kipande chake, chembamba na kirefu, akilime, akipalilie na kukivuna. Waliwekwa katika makundi, tangu watu 5 hadi 20, chini ya msimamizi ambaye mara nyingi naye alikuwa mtumwa. Aliyeruhusiwa kwenda kujitafutia mjini alimpelekea bwana wake ijara kila mwezi. Ardhi haikuwa na bei ya kutaja. Mali ilikuwa watu. Ndiyo maana mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na amri za 1876 zilizofunga njia za misafara ya nchi kavu, viliwakereketa sana wenye mashamba wa Malindi. Na tayari watumwa walikuwa wanawaponyoka. Watoro walijijengea vijiji vyao bara, Fuladoyo kikiwa mojawapo, wakalima chakula chao wenyewe karibu na Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, ambao wengine waliwakaribisha na wengine wakawatilia shaka.

Mwaka 1891 akafika W. W. A. Fitzgerald, aliyetumwa na Imperial British East Africa Company kukagua rasilimali za kilimo za mwambao. Alizunguka hadi 1893, akapita shamba baada ya shamba, Magarini ikiwamo, akiandika habari za udongo, minazi, pamba na mpira. Kitabu chake kilitoka 1898. Ni kitabu chenye manufaa, na mtu huyu alikuwa na jicho la mkulima. Lakini ukikisoma leo unaona swali lililomkaa moyoni: ardhi hii nzuri itazaa nini, na mikono ya kuizalisha itatoka wapi?

Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia ilienda kwa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata shubiri ya ardhi. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya hati za ardhi ya 1908, na Malindi ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo kupimwa. Aliyeweza kuonyesha karatasi, au kuleta shahidi anayekubalika mbele ya ofisa, alipata hati. Aliyelima bila kuandika popote, akihama shamba likichoka na kurudi likipona, hakuwa na la kuonyesha. Madai ya Wamijikenda katika ukanda huo hayakupewa uzito, na ardhi isiyokuwa na mwenye hati ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Basi mtumwa wa jana na Mgiriama mkulima wakajikuta wanalima kwenye shamba ambalo kisheria ni la mtu mwingine. Neno squatter likaingia pwani, likawa skwota, na hadi leo halijatoka.

Ndipo wakaja Wazungu wa mpira na pamba, Magarini Syndicate miongoni mwao. Walikuwa na ardhi, walikuwa na mtaji, watu hawakuwa nao. Serikali ilisema Wagiriama ni wavivu na wamelemewa na tembo la mnazi. Hesabu ilisema mengine. Wagiriama walikuwa wamevuka Sabaki wakapata ardhi yenye rutuba kaskazini ya mto, wakavuna mahindi ya kula na ya kuuza, na baada ya watumwa kutoweka mashambani, sehemu kubwa ya nafaka iliyopitia bandari ya Malindi ilikuwa jasho lao. Mtu anayeuza mahindi yake mwenyewe aende kupalilia mpira wa mwenzake kwa ujira mdogo, akiacha shamba lake wakati wa mvua? Haikuhitaji elimu kubwa kulijibu hilo.

Mwaka 1912 serikali mjini Nairobi iliunda tume ya kuchunguza kazi za Waafrika, mwenyekiti wake Jaji Barth. Tume ilisikiliza mashahidi hadi 1913, Wazungu wakiwa wengi kupita wengine wote. Lord Delamere, kinara wa walowezi, hakumung'unya maneno: maeneo waliyotengewa Waafrika yapunguzwe, ili watu wakose pa kulima walazimike kutafuta ujira. Kauli hiyo inatisha, ila ni ya kweli kuliko porojo zote za uvivu. Delamere alijua kwamba suala la kazi ni suala la ardhi. Katika mapendekezo ya tume hiyo ndimo lilimochipuka wazo la kuwasajili wafanyakazi, ambalo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia lilizaa kipande, kile cheti kilichotiwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni.

Ulaya nako utafiti wa kazi ulikuwa umeshika kasi. Jijini London, Charles Booth alikuwa ametoa tangu 1889 hadi 1903 majuzuu juu ya maisha ya wafanyakazi, mtaa kwa mtaa, na ramani zilizopakwa rangi kuonyesha umaskini uko wapi. Booth hakuwa malaika, lakini wachunguzi wake walitafuta habari za nyumba, za kodi na za ulaji wa watu maskini. Kwenye tume ya Nairobi aliyesikilizwa zaidi kuhusu hali ya kibarua alikuwa mwajiri wake.

Mwaka huohuo wa 1912 alipelekwa Ugiriama ofisa kijana, Arthur Champion, akusanye kodi ya nyumba, asimamishe wazee wa serikali na apate vijana wa kazi. Hakupata vijana. Alimpata Mekatilili wa Menza.

Alikuwa mjane wa makamo, hana cheo serikalini wala kayani. Alizunguka vijijini na ngoma ya kifudu, ngoma ya mazishi, na watu walipokusanyika alizungumza: vijana wetu wanachukuliwa, ardhi yetu inachukuliwa, na wazee wamenyamaza. Katikati ya 1913, yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola waliwaita watu Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayetoa kodi, kibarua wala msaada kwa serikali. Wazee husimulia kwamba alileta barazani kuku na vifaranga vyake, akamwambia Mzungu achukue kimoja; alipoinama, kuku akamdonoa. Kwenye majalada ya serikali kuku huyo hayumo. Kilichomo ni malalamiko ya ofisa ambaye hakuna anayemtii.

Mekatilili na Wanje walikamatwa Oktoba 1913 wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi kwao kwa miguu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Vita vya Wagiriama vikafuata: nyumba zikachomwa, mbuzi wakatekwa, watu wenye mishale wakakabiliwa na askari wa King's African Rifles (KAR) wenye bunduki. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, wapagazi 1,000, na wote walioko kaskazini ya Sabaki wahame. Soma tena sharti hilo la mwisho. Ushauri wa Delamere, tumeni watu kazini kwa kuwanyima pa kulima, ulitekelezwa hapa kwa mtutu.

Haukufanikiwa hata kwa hesabu ya serikali yenyewe. Ardhi iliyoachwa haikuwapa walowezi vibarua, na nafaka iliyokuwa ikitoka ng'ambo ya mto haikuonekana tena. Miaka michache baadaye watu waliruhusiwa kurudi. Mekatilili, aliyekuwa amekamatwa tena na kuhamishwa, naye alirudi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akafariki katikati ya miaka ya 1920. Kaburi lake lipo Bungale, hapohapo Magarini. Champion, kwa upande wake, aliandika habari za mila na maisha ya Wagiriama aliowatoza kodi. Maandishi hayo yalichapishwa 1967, Kenya ikiwa na miaka minne ya uhuru.

Katika miaka ya 1970 walikuja watafiti wa aina nyingine. Frederick Cooper aliketi na wazee wa Malindi, Cynthia Brantley na wazee wa Kigiriama, wakawauliza wenyewe: mlilima nini, mlimlipa nani, mlikataa kwa nini? Mengi yaliyoelezwa hapa juu yamejulikana kwa sababu wazee hao waliulizwa wangali hai.

Wataalamu wa maendeleo hawakuwasubiri watafiti hao. Mwaka 1978 serikali za Kenya na Australia zilianzisha mradi wa makazi wa Magarini, wa familia 4,000. Matingatinga yakafyeka msitu, udongo ukasombwa na mvua, visima vikatoa maji ya chumvi. Australia ilijiondoa mwaka 1989. Wengi wa waliotakiwa kupewa makazi walikuwa tayari wanaishi pale. Mradi uliwahesabu kama wahamiaji katika nchi ya babu zao.

Kisha chumvi. Malalamiko juu ya mashamba ya chumvi kutoka Gongoni, Marereni na vijiji jirani yalipozidi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara, na ripoti yake ikatoka Julai 2006. Safari hii wanakijiji na vibarua wa chumvi walisimama mbele ya tume wakasema kwa vinywa vyao: watu waliofukuzwa kwenye ardhi, visima vilivyoingia chumvi, kazi bila viatu wala glavu, malipo yasiyokidhi haja. Mishahara na ardhi vilisikilizwa katika kikao kimoja, jambo ambalo tume ya 1912 haikulifanya ila kwa faida ya walowezi.

Anayetaka kuandika historia ya wafanyakazi wa Malindi na Kilifi asianze na vitabu vya mishahara. Aanze na daftari za hati za mwaka 1908, atazame ni majina ya nani yaliyomo na ya nani hayamo, kisha ndipo afungue hesabu za vibarua.