Mabakuli ya Fedha ya Burma

Katika nchi ya Burma, ambayo tangu mwaka 1989 jina lake rasmi ni Myanmar, watawa wa dini ya Budha hutoka asubuhi na mapema kupokea chakula. Hawaombi kwa maneno. Kila mmoja husimama kimya, bakuli mkononi, na mwenye nyumba humtilia wali. Bakuli hilo, liitwalo thabeik, tangu kale lilikuwa la udongo au la chuma, jeusi, lisilo na pambo lo lote. Maana mtawa ameukana utajiri.

Ni ajabu, basi, kwamba chombo hicho duni ndicho kilichozaa bakuli la fedha, lenye umbo lile lile la mviringo, lakini lililojaa nakshi. Sonara alifua fedha kwa nyundo mpaka ikawa bakuli, akazisukuma picha kutoka ndani zikatokeza nje. Kisha alilijaza lami ili lisibonyee, akachora kwa tindo nyuso, majani na mikunjo ya nguo.

Picha nyingi zilitoka katika Jataka, visa 547 vya maisha ya Budha kabla ya kuzaliwa kwake kwa mara ya mwisho. Kimoja kipendwacho sana ni cha mwana wa mfalme, Vessantara. Huyu alimtoa ndovu mweupe aletaye mvua, na watu wakakasirika wakamfukuza. Huko mwituni aliwatoa hata watoto wake, na mwishowe mkewe. Ndipo vyote vikamrudia. Naam, kutoa ni moyo, si utajiri.

Waingereza waliiteka Burma kwa vita vitatu, vya 1824 hadi 1826, vya 1852, na vya 1885, ambapo Mfalme Thibaw alipelekwa uhamishoni Bara Hindi. Ufalme ulipokwisha, sonara hakuwa tena na mfalme wa kumfanyia kazi. Wanunuzi wapya walikuwa maofisa na wafanya biashara wa Kizungu, waliotaka zawadi na mapambo ya nyumbani. Hivyo bakuli la kupokelea sadaka likawekwa tupu juu ya meza ya mtu aliyeitwaa nchi, nalo limechorwa hadithi ya mtu aliyetoa kila kitu.

Lakini sonara hakuiacha hadithi yake. Aliuza fedha, na mafundisho ya wazee wake yakaendelea kuishi ubavuni mwa bakuli, yakimngoja mwenye macho ya kuyasoma.