Dozi Isiyo na Mwisho: Historia ya Uamuzi wa Kuacha Dawa za Maradhi ya Akili Tanga, kutoka Lutindi hadi Nguvumali

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba ya maradhi ya akili katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata majengo na dawa: mwaka hospitali ilipofunguliwa, mwaka kidonge kilipogunduliwa, mwaka sheria ilipopitishwa. Katika masimulizi ya aina hiyo, mgonjwa aliyeacha dawa hutokea pembezoni tu, akiwa mfano wa ujinga, ukaidi au umaskini. Insha hii inamweka mtu huyo katikati. Inachunguza namna kuacha dawa kulivyopata kuwa jambo la kuamuliwa katika mji wa Tanga na viunga vyake, na inachukua kata ya Nguvumali, iliyomo ndani ya Jiji la Tanga, kuwa mahali pa kutazamia. Hoja yake kuu ni kwamba uamuzi huo una tarehe ya kuzaliwa. Haukuwapo katika enzi ya hifadhi ya Lutindi. Ulizaliwa pamoja na kidonge cha kumeza nyumbani. Na tangu hapo umegombewa na mgonjwa, jamaa zake na kliniki. Aidha, insha inadai kwamba neno moja, "dozi", limebeba sehemu kubwa ya mgogoro huo.

2.0 Dawa yenye Mwisho

Katika mwambao wa kaskazini, kuanzia Pangani hadi Moa, tiba ya mtu aliyerukwa na akili ilikuwa na mwanzo na mwisho. Kombe la aya za Kurani, lililoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya marashi, lilinywewa kwa siku zilizotajwa. Mafusho yalifukizwa kwa idadi maalumu. Ngoma ya kupunga pepo ilikuwa na siku ya mwele kuingia ndani na siku ya kutolewa nje mbele ya watu. Pale pepo alipokataa kutoka, alipatanwa naye kwa masharti yanayojulikana: ada, miiko na ngoma ya mara kwa mara. Wajibu huo uliweza kudumu maisha yote, lakini ulimpa mwele heshima, na mara nyingine ulimpandisha hadi daraja la uganga.

Mamlaka ya waganga hayakufutwa na utawala wa Waingereza, ingawa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwabana. Ushahidi mmoja ni kwamba mganga mashuhuri aliyeitwa Nguvumali, jina lilelile la kata inayotajwa hapa, alitungiwa utenzi wa sifa na Hasani bin Ismail, nao ukachapishwa na Peter Lienhardt mwaka 1968. Wakati huo dawa za kisasa za akili zilikwisha kuenea duniani.

Utafiti wa Juli McGruder kuhusu familia za Zanzibar zinazoishi na mgonjwa wa skizofrenia unasaidia kuona matokeo ya fikra hiyo. Pepo huja na kuondoka. Anapoondoka, mtu huhesabiwa mzima na kurudishiwa kazi na nafasi yake katika nyumba. Kwa familia yenye mtazamo huo, swali la kwa nini mtu mzima aendelee kumeza dawa ni swali la kimantiki, wala halitokani na ujinga.

3.0 Lutindi na Mirembe: Enzi Isiyo na Uamuzi

Hifadhi ya Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 iligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, ikawa ya kwanza ya aina yake katika koloni la Wajerumani. Reli iliyoanzia Tanga ilikwisha kufika Korogwe mwaka 1902, hivyo mgonjwa wa pwani aliweza kusafirishwa hadi chini ya milima hiyo. Chini ya Waingereza, Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, mbali zaidi na jamaa wa mgonjwa wa Tanga.

Katika taasisi hizo mbili, tiba ilikuwa mahali penyewe: ukuta, ratiba, kazi ya mikono na uangalizi. Dawa zilizokuwapo duniani wakati huo, kama bromaidi na paraldehaidi, zilimtuliza mgonjwa kwa muda tu. Kwa hiyo jamaa waliweza kumpeleka mgonjwa, kumwacha au kuomba aruhusiwe, lakini hawakuwa na dawa ya kuendeleza wala ya kuacha. Aliyetoka alikuwa ametoka katika tiba, aliyebaki hakuulizwa.

4.0 Kidonge Kinaingia Nyumbani

Hali hiyo ilibadilishwa na klorpromazini. Dawa hiyo iliundwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950 na kujaribiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952 na Jean Delay na Pierre Deniker, kisha ikaenea duniani, mara nyingi kwa jina la biashara la Largactil. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, zote mbili zilikuwamo, pamoja na flufenazini na lithiamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa shirika hilo na Denmark, Tanzania ilijaribu mpango wa taifa wa afya ya akili katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kwa shabaha ya kusogeza huduma kutoka Mirembe hadi vituo vya afya na zahanati.

Mabadiliko haya husifiwa, kwa haki, kwa kuwatoa watu nyuma ya kuta. Yalileta pia jambo ambalo halikutangazwa: yalihamisha utekelezaji wa tiba hadi chumbani, mikononi mwa mgonjwa na mama yake. Kidonge kinachomezwa nyumbani kinaweza kutomezwa. John Janzen, akiandika mwaka 1978 kuhusu Kongo ya chini, alionyesha kwamba uamuzi wa tiba hushikwa na kundi la jamaa linalomzunguka mgonjwa, na Steven Feierman alichunguza hali inayokaribiana na hiyo huko Usambara. Mashangazi, wajomba, kaka na shekhe wa mtaa, waliokuwa wakiamua mgonjwa apelekwe wapi, sasa walipata jambo jipya la kuamua: aendelee hadi lini?

Kliniki zilikuwa na jibu lao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipatikana flufenazini ya kudungwa, inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Sindano hiyo ilimpunguzia mgonjwa adha ya vidonge vya kila siku, lakini pia ilirudisha uamuzi kliniki. Anayekosa kidonge hujulikana na mama yake. Anayekosa sindano hujulikana na muuguzi mwenye daftari.

5.0 Kumaliza, Kukatizwa na Kukataa

Daftari hilo humwita asiyerudi "mtoro". Neno hilo moja linafunika mambo matatu yaliyo tofauti.

La kwanza ni kumaliza. Kwa miongo mingi elimu ya afya nchini ilisisitiza kwamba mgonjwa wa malaria au kifua kikuu "amalize dozi". Fundisho hilo lilifaulu, na ndani yake mlikuwa na ahadi kwamba dozi ina mwisho, na mwisho wake ni kupona. Mtu aliyemeza haloperidoli miezi 3, akalala vizuri na sauti zikanyamaza, ana haki ya lugha kusema kwamba amemaliza. Dhana ya dawa ya maisha ilienea zaidi baada ya mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kuanza mwaka 2004, lakini ilikuja imebeba unyanyapaa wake.

La pili ni kukatizwa. Sera ya uchangiaji ya mwaka 1993 iliweka msamaha kwa wenye maradhi sugu, lakini msamaha hauzai dawa pale stoo inapokuwa tupu. Mkaazi wa Nguvumali yuko karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kuliko mtu wa Handeni au Kilindi. Hata hivyo, nauli ya kwenda na kurudi bila dawa ni gharama inayohesabiwa. Aliyekatizwa hakuamua lolote, ingawa daftari linasoma kwamba ameacha.

La tatu ni kukataa, na hapa sababu zina uzito. Klorpromazini husababisha usingizi, ukakamavu wa viungo, mtetemeko na ngozi kuungua upesi juani. Katika mkoa ambao watu wake wamekula kwa kukata mkonge, kuvua na kulima, mkono mzito na jua lisilovumilika ni kupoteza riziki. Zipo pia sababu za hadhi. Mgonjwa husamehewa kufunga Ramadhani, na mtu asiye na akili timamu haandikiwi wajibu huo. Kwa mtu anayetaka kuhesabiwa mzima, kufunga pamoja na wenzake ni tamko, na kidonge cha mchana hulikanusha. Hali ni ngumu zaidi kwa anayetumia lithiamu, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini huipandisha dawa hiyo katika damu hadi kiwango cha hatari.

6.0 Hatari na Ushahidi

Kuyaheshimu maelezo hayo hakuondoi hatari. Uchambuzi wa majaribio 65 uliochapishwa mwaka 2012 na Stefan Leucht na wenzake ulionyesha kwamba, katika muda wa takriban mwaka mmoja, asilimia 27 ya wagonjwa wa skizofrenia walioendelea na dawa walirudiwa na ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 64 ya waliobadilishiwa na kupewa kidonge bandia. Kurudiwa huko hakuji siku ya kwanza. Mara nyingi kinachotangulia ni nafuu: usingizi unapungua, viungo vinalainika, mtu anarudi kazini. Ugonjwa hurejea baada ya wiki au miezi, wakati kuacha dawa kumekwisha kusahauliwa, na familia hutafuta sababu nyingine: husuda, pepo aliyeudhika, ada isiyotimizwa. Hivyo ucheleweshaji huo huwanyima wahusika nafasi ya kujifunza kutokana na yaliyowapata.

Hata hivyo, ushahidi hauko upande mmoja. Mwaka 2013 Lex Wunderink na wenzake, waliowafuatilia wagonjwa 103 nchini Uholanzi kwa miaka 7, waliripoti kwamba asilimia 40.4 ya waliopangiwa kupunguza au kuacha dawa walikuwa wamepona kimaisha na kidalili, dhidi ya asilimia 17.6 ya walioendelea. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lenye washiriki 253, halikuona faida hiyo: waliopunguza dawa hawakuishi vizuri zaidi katika jamii, na walirudiwa na ugonjwa mkali kwa asilimia 25 dhidi ya 13. Tofauti hizi zinaonyesha kwamba wapo wanaoweza kuacha na wapo wasioweza, na kwamba hakuna kipimo cha kuwatambua mapema. Tafiti hizi mbili za mwisho zinashabihiana katika sharti moja: dawa ilipunguzwa polepole, kwa kuangaliwa na daktari aliyejua kwamba inapunguzwa.

7.0 Hitimisho

Sharti hilo ndilo linalokosekana katika historia iliyoelezwa hapa. Lutindi ya mwaka 1904 haikuhitaji kumuuliza mgonjwa. Kidonge kilimpa uwezo wa kukataa bila kumpa mahali pa kusema kwamba anakataa. Sindano ilijaribu kuuondoa uwezo huo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mgonjwa anayelazwa kwa hiari na anayelazwa bila hiari, lakini sehemu kubwa ya uamuzi wa kuacha dawa hufanyika nje ya wodi, katika nyumba za kata kama Nguvumali, na kwa siri.

Siri hiyo ina gharama. Anayepunguza dawa bila kusema hupunguza ghafla, hana wa kumtazama anapoanza kukosa usingizi, na akirudiwa na ugonjwa hupokewa kama mkosaji. Waganga wa mwambao walijua kwamba tiba huhitaji siku ya kutoka inayoshuhudiwa na watu. Hospitali haiwezi kumwahidi kila mgonjwa siku hiyo, lakini inaweza kulifanya swali la mwisho wa dozi liulizwe mbele ya daktari na jamaa, na kuandika katika daftari kama mtu alimaliza, alikatizwa au alikataa. Kwa mtafiti wa historia, tofauti hiyo ingeokoa sauti zilizopotea ndani ya neno "mtoro". Kwa mgonjwa, ingeweza kuamua kama atauacha mzigo wa dawa salama au ataurudia akiwa amefungwa kamba.