Nijmegen: Mji wa Uholanzi uliousogezea mto nafasi

Nijmegen ni mji ulioko mashariki mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani. Uko kwenye ukingo wa kusini wa mto Waal, katika jimbo la Gelderland. Makao makuu ya jimbo hilo ni Arnhem, lakini Nijmegen ndio mji wenye wakazi wengi zaidi.

Maji yanatoka wapi?

Mto Rhine huanzia kwenye milima ya Alps nchini Uswisi, hupita Ujerumani, kisha huingia Uholanzi kupitia Gelderland. Muda mfupi baada ya kuvuka mpaka, mto hugawanyika. Takriban theluthi mbili ya maji hufuata mkono wa Waal. Yanayobaki hugawanyika tena karibu na Arnhem: Nederrijn huelekea magharibi na IJssel kaskazini. Matishari ya mizigo kati ya bandari ya Rotterdam na Ujerumani hupita Waal.

Ardhi ya jimbo

Kaskazini kuna Veluwe, eneo la mchanga, misitu na vilima. Mashariki ni Achterhoek, sehemu ya wakulima na wafugaji. Kati ya Waal na Nederrijn kuna Betuwe, bonde tambarare linalojulikana kwa matofaa, mapeasi na cheri. Sehemu ya kale ya Nijmegen imejengwa kilimani, lakini Lent, iliyo ng'ambo ya mto, iko bondeni. Mafuriko yakija, watu wa bondeni ndio walio hatarini.

Kwa nini tuta lilisogezwa?

Kwa karne nyingi Waholanzi wamejikinga kwa matuta marefu ya udongo kandokando ya mito. Lakini mto uliobanwa na matuta hauna pa kutanukia. Maji yakizidi, hupanda juu. Penye Nijmegen, Waal inapinda na kuwa nyembamba, hivyo hatari huongezeka.

Mwanzoni mwa 1995, maji yalipanda kiasi kwamba watu wapatao 250,000 wa maeneo ya mito walihamishwa pamoja na mifugo yao. Matuta hayakubomoka, lakini hofu ilibaki. Baadaye serikali ilianzisha mpango wa kuipa mito nafasi katika sehemu zaidi ya 30 nchini.

Huko Lent, tuta lilirudishwa nyuma mita 350 na mkondo wa pili ukachimbwa sambamba na Waal. Katikati ya mikondo hiyo kikatokea kisiwa. Kazi hiyo ilikuwa na gharama kwa wenyeji: nyumba zipatazo 50 zilibomolewa ili kupisha maji. Faida yake ni kwamba mto unapofurika, kina cha maji penye Nijmegen hupungua kwa takriban sentimita 35. Wakati wa kiangazi, watu huogelea katika mkondo huohuo.