Kruzi ya Gari: Kutoka Injini ya Mvuke Hadi Uani Kwako Ilala

Umenunua gari lililotumika Japani, na kwenye usukani kuna kitufe cha kruzi kontroli: ukikibonyeza, gari linashika spidi uliyoichagua bila mguu wako. Inafanya kazi kweli? Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hautakujibu. Magari mengi hukataa kushika kruzi chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, na pale katikati ya mikokoteni na bajaji utafikaje 40?

Hebu tuanze na historia, maana jibu limo humo.

Mwaka 1788 James Watt aliifungia injini yake ya mvuke mipira miwili inayozunguka. Injini ikikimbia, mipira inatanuka na kupunguza mvuke. Ikizubaa, mipira inashuka na mvuke unaongezeka. Injini inajirekebisha yenyewe.

Ralph Teetor, mhandisi Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 5, aliingiza wazo hilo kwenye gari. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake: akiongea, gari linapunguza mwendo, akisikiliza, linaongeza. Teetor alipata hataza mwaka 1950, na Chrysler ikaanza kukiuza kifaa hicho kwenye magari ya 1958.

Lakini injini ya Watt ilikaa sehemu moja. Gari lina watu mbele yake. Kwa hiyo kushika spidi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuachia mara moja ukigusa breki. Na nusu hiyo unaweza kuanza kuikagua nyumbani.

Zima injini, vuta hendibreki, weka swichi kwenye "ON". Mwambie mwenzako asimame nyuma, kisha kanyaga breki. Taa zinawaka? Ukiachia, zinazima? Katika magari mengi swichi hiyo ya pedali ndiyo pia inayoiambia kruzi iachie. Taa zisipowaka, usiiguse kruzi. Anza na fyuzi, balbu na swichi yenyewe, kisha muone fundi umeme. Zikiwaka, ni dalili nzuri, ila si uthibitisho kamili, maana kuna magari yenye waya tofauti kwa kila kazi.

Usithubutu kuinua gari kwa jeki na kukanyaga mafuta ili "kuidanganya" kruzi. Likiteleza, hakuna ukuta wa uani utakaolizuia. Kushika spidi kupimwe kwenye barabara kavu, iliyo wazi, mguu ukiwa karibu na breki.