Ugomvi wa kisu: ukope ukatwe nje au ndani?

Miaka 10 imetimia tangu jarida la Lancet Global Health lichapishe, mwaka 2016, matokeo ya jaribio la upasuaji wa ukope lililofanyika Amhara, Ethiopia, nchi yenye mzigo mkubwa wa trakoma, yaani vikope, kuliko nyingine yoyote. Makala hayo ya Esmael Habtamu na wenzake ndiyo niliyoyategemea hapa, na nakiri yamenivuta upande wao.

Mtu anayeugua vikope mara kwa mara tangu utotoni hupata makovu ndani ya ukope wa juu. Makovu hukaza, ukope hujikunja, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wamisri wa kale walizing'oa, na vibanio vya kung'olea havijatoka mikononi mwa wanavijiji mpaka leo. Lakini nywele huota tena, ngumu na fupi.

Mwaka 1949 Mfaransa Trabut, aliyekuwa Afrika Kaskazini, alieleza njia yake ya upasuaji: ukope unapinduliwa juu ya kibao cha chuma, unakatwa kwa ndani, kisha ukingo wake unageuzwa nje na kushonwa. Ngozi haiguswi na wembe. Njia ya pili hukata ukope wote, kuanzia ngozi hadi utando wa ndani, milimita chache juu ya ukingo, kisha nyuzi huvuta nywele zitazame nje.

Hii ya pili ndiyo iliyopata bahati. Jaribio lililofanyika Oman lililinganisha mbinu tano, na lilipochapishwa mwaka 1990 njia ya kukata pande zote ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likaitolea kitabu cha mafunzo, wauguzi wakafundishwa, nchi moja baada ya nyingine. Kumbe njia ya Trabut haikuwamo katika zile tano! Ilihukumiwa bila kuitwa mahakamani, huku Waethiopia wengi wakiendelea nayo kimyakimya.

Ndipo watafiti huko Amhara wakazipambanisha njia hizo mbili ana kwa ana. Wagonjwa 1,000, kura ikapigwa nani apate ipi. Baada ya miezi 12, nywele zilikuwa zimerudi kukwaruza kwa asilimia 22 ya waliokatwa pande zote, na kwa asilimia 13 tu ya waliokatwa kwa ndani. Tofauti hiyo si ya kupuuza, maana anayerudiwa hupasuliwa kovu juu ya kovu. Toleo la kitabu la 2015 tayari lilikuwa na njia zote mbili. Bado muuguzi aliyezoea moja kwa miaka 20 habadilishwi na makala, na sidhani inafaa kumlazimisha: mkono uliozoea nao una uzito wake.

Tanzania nayo ilichangia katika kutafuta upasuaji bora, kwa jaribio la kusini mwa nchi lililopima kibanio kipya cha upasuaji. Nywele zilirudi vilevile kama kwa vifaa vya kawaida.

Oman, lilikofanyika lile jaribio la mbinu tano, ilithibitishwa mwaka 2012 kuitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Kwingine lengo la kuitokomeza kufikia 2020 lilipita bila kutimia, sasa tunaambiwa 2030. Kinachonikera ni hesabu zetu: tunatangaza idadi ya waliopasuliwa, ilhali mgonjwa anapaswa kuangaliwa tena miezi mitatu hadi sita baadaye. Wengi wa waliopasuliwa ni wanawake wa vijijini, na mara nyingi wakati huo timu ya upasuaji imeshaondoka na gari lake.