Miamba ya Ujiji na Kigoma: Historia ya Uzamiaji katika Ziwa Tanganyika

Ufuko wa Ujiji ni wa mchanga na matope. Mitumbwi huvutwa nchi kavu bila kukwaruzwa, na hapo ndipo misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani ilipokuwa ikiishia katika karne ya 19. Miamba huanza ukielekea kaskazini, kwenye rasi ya Bangwe na kingo za ghuba ya Kigoma, ikazidi kuelekea Gombe. Si matumbawe, kwa kuwa matumbawe hujengwa na wanyama wa maji ya chumvi, na Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Kwa samaki, hata hivyo, kazi yake ni ileile: mwani wa kula, nyufa za kujificha, vipango vya kulelea watoto. Ziwa lina spishi zaidi ya 200 za samaki wa familia ya sikilidi, karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani, na nyingi huishi kwenye miamba.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeiangalia miamba hiyo kwa ndani. Wavuvi wa Ujiji walikuwa na elimu kubwa ya ziwa, lakini ilikuwa elimu ya maji ya wazi. Usiku waliwasha moto ndani ya mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, wakachotwa kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Baadaye moto ukaachia nafasi karabai. Dagaa, migebuka na sangala ndio chakula na ndio biashara. Samaki wa rangi wa kwenye mawe ni mdogo, ana miiba, na mawe yenyewe huchana nyavu, basi akaachwa.

Wageni nao walianza na kilichotupwa ufukoni. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, Speke akiwa mgonjwa wa macho kiasi cha kutoona vizuri. Hata hivyo aliondoka na makombe ya konokono na chaza, ambayo S. P. Woodward aliyaeleza kisayansi London mwaka 1859. Konokono mmoja kati ya hao leo huitwa Spekia zonata. Makombe hayo yaliwashangaza wataalamu, kwa kuwa baadhi yalikuwa mazito na yenye mapambo kama ya baharini. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona yavuyavu wakielea ziwani, na fumbo likazidi. J. E. S. Moore, aliyeongoza safari mbili kati ya 1895 na 1900, alitoa kitabu mwaka 1903 akidai kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Safari ya W. A. Cunnington ya 1904 na 1905 haikuunga mkono dai hilo. Tanganyika ni zao la bonde la ufa, lina umri wa mamilioni ya miaka, na makombe yake mazito yametokea humohumo. Kaa wa ziwani wana magando makubwa ya kuvunjia makombe, na kwa vizazi vingi konokono wameyaongeza unene kujikinga.

Watafiti hao wote walifanya kazi wakiwa juu ya maji, kwa nyavu na kwa vyombo vya kukwangua sakafu ya ziwa. Hata msafara mkubwa wa Wabelgiji wa 1946 na 1947, uliomwezesha Max Poll kuandika juu ya sikilidi kwa kina, ulimwona samaki baada ya kuvuliwa. Samaki aliyekufa husimulia habari za mifupa na magamba yake. Alikolala, aliyegombana naye na alivyolea watoto wake, hayo hayamo ndani ya chupa ya pombe ya kuhifadhia.

Mlango ulifunguliwa na chombo kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan, kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi kila anapovuta pumzi, kwa mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Ziwani, uzamiaji huu uliletwa kwa nguvu na biashara kabla ya sayansi. Soko la samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani lilitaka samaki hai, na Mbelgiji Pierre Brichard, akiwa Burundi katika miaka ya 1970, aliwapeleka huko akaandika pia vitabu kuwahusu, cha kwanza mwaka 1978. Lazima isemwe wazi kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu miamba hii tumeipata kwa watu waliozama kutafuta bidhaa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mzamiaji husimamisha wavu mwembamba kama pazia mbele ya mwamba, kisha huzunguka nyuma na kumwondoa samaki taratibu kutoka ufani. Akimpata Cyphotilapia, samaki mwenye kichwa cha nundu na mistari myeusi, katika kina cha mita 30 au zaidi, hawezi kumpandisha mara moja. Kibofu cha hewa hutanuka mgandamizo unapopungua, tumbo likavimba, samaki akaelea ubavu. Kwa hiyo huwekwa katika kizimba kinachoinuliwa mita chache, kikaachwa, kikainuliwa tena, na safari hiyo fupi huchukua siku kadhaa.

Sheria hiyohiyo humhusu binadamu. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Majedwali ya kupanda juu yaliyokadiriwa kwa wazamiaji wa Zanzibar au Mafia hayatoshi Kigoma. Mzamiaji hana budi kukaa chini muda mfupi zaidi na kupanda polepole zaidi. Isitoshe, kwenye midomo ya mito kama Malagarasi wapo mamba, na katikati ya mawe huogelea fira wa maji, nyoka mwenye sumu kali anayekula samaki.

Upepo nao una hesabu yake. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya baridi hupanda kujaza nafasi. Upepo ukitulia, tabaka hizo hurudi na kwenda kama maji ndani ya beseni lililotikiswa, kwa vipindi vya wiki kadhaa, na mikondo huandamana nazo. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni huisha karibu na mita 100. Uhai wote wa miamba umebanwa kwenye ukanda mwembamba wa juu.

Ndani ya ukanda huo, wazamiaji waligundua jambo ambalo nyavu zisingeweza kulionyesha. Samaki wa jamii ya Tropheus, ambao hukwangua mwani kwenye mawe, hawapendi kuvuka mchanga. Ghuba yenye mchanga au delta ya mto ni kwao kama jangwa, na hivyo kila kipande cha miamba kimekuwa na samaki wa rangi yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Uvira, Kongo, walikaa chini saa nyingi wakihesabu na kutazama. Michio Hori alitangaza mwaka 1993 habari za Perissodus microlepis, samaki anayekula magamba ya wenzake: wengine midomo yao imepinda kulia, wengine kushoto, kila kundi likishambulia ubavu mmoja tu. Kundi likizidi, mawindo huzoea kujilinda upande ule, na lililo dogo hupata nafasi ya kuongezeka.

Kwa wakazi wa ufukoni, badiliko kubwa lilikuja kati ya 1995 na 2000, katika mradi wa bioanuwai uliozihusisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Wataalamu wa nchi hizo walifundishwa kuzamia, wakahesabu samaki na konokono katika maji ya Gombe, Mahale na kwingineko. Elimu ya miamba sasa ikawa mikononi mwa watu wanaoishi kando yake. Kuanzia 1998 Kigoma ilipokea pia wanafunzi wa Kiafrika na Kimarekani waliofanya utafiti wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI.

Taarifa za wazamiaji zilieleza tatizo ambalo kutoka ufukoni halionekani. Milima ikikatwa miti, mvua huteremsha udongo ziwani, ukatanda juu ya mawe, ukafunika mwani na kuziba nyufa. Mahali palipochafuliwa hivyo palikuwa na spishi chache kuliko mahali ambapo mlima bado umefunikwa na msitu, kama Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, ambao nchi nne ziliutia saini Dar es Salaam Juni 12, 2003, ulitokana na mradi huohuo, na udongo huo unaoshuka kutoka milimani umo kati ya mambo unayotaka yazuiwe.